Pakiti Anaishika Nani?

Muuza sigara wa Dar unamsikia kabla hujamwona. Anatikisa sarafu kiganjani kwa mdundo wake, na hata ukiwa umeinamia simu unajua kuna mtu anapita na kisanduku.

Siku ile ilikuwa Buguruni Sheli. Giza linaanza kuingia, foleni ya kwenda Tazara imesimama kabisa. Bodaboda aliyenipakia alizima pikipiki, akainua kidole kimoja hewani. Hakusema neno. Kijana wa sarafu akaja akipenya katikati ya magari, kisanduku cha mbao kimelala kwenye mkono wake wa kushoto. Pakiti tano sita zimesimamishwa wima, vifuniko vimekunjwa kwa nyuma. Pembeni pipi za kifua, bigijii, karanga kwenye vifuko vidogo, na kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba ili kisiondoke na mteja. Akaigonga pakiti moja chini, fegi ikachomoza. Dereva akaichukua, akawasha kwa kiberiti cha kamba, akatoa sarafu ya mia tano, akarudishiwa chenji.

"Samahani dada, navuta chapchap."

Nikamuuliza, kwa kuzuga tu maana hatuendi popote, siku hizi kwenye pakiti wameandika nini.

"Pakiti?" Akacheka, moshi unamtoka puani. "Sijui dada. Mimi pakiti sijawahi kununua tangu nianze." Akamgeukia muuzaji. "Oya, eti hapo wameandika nini?"

Muuzaji akachomoa pakiti, akaielekeza kwenye taa za gari lililokuwa nyuma yetu, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno: uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako.

"Haya, umesikia?"

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka.

Wiki zimepita na kicheko kile bado ninacho kichwani.

Msomaji ni mmoja tu

Yule muuzaji havuti. Nilimuuliza, akanijibu kama mfanyabiashara: ukivuta unachouza, mtaji unaisha. Kwa hiyo mtu pekee pale barabarani anayeshika pakiti kutwa nzima, anayeweza kulisoma onyo la serikali mara mia kwa siku akitaka, ni yule ambaye onyo halimhusu.

Tuna Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku tangu 2003. Tuliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Mkataba huo unataka onyo lichukue angalau asilimia 30 ya nyuso kuu za pakiti, na inafaa lifike 50 au zaidi. Tangu hapo duniani kote ugomvi umekuwa wa ukubwa wa karatasi. Mauritius waliitangulia Afrika nzima kwa kuweka picha, mwaka 2009. Kenya wana picha tangu 2016. Sheria ya Uganda ya 2015 inataka asilimia 65, mbele na nyuma. Sisi tuko kwenye maneno, bila picha.

Kila Mei 31, siku ya kutotumia tumbaku duniani, watu wa afya hulilia picha. Miaka yote nimekuwa upande wao bila kufikiri sana. Mapafu meusi, mguu uliooza, nani hataogopa?

Sasa nikawa namfikiria yule dereva. Weka picha asilimia 65. Weka asilimia 100, pakiti nzima iwe pafu. Yeye ataishika lini? Kinachofika mikononi mwake ni fegi moja, nyeupe, haina neno.

Kanada wameliona hilo kwa njia yao. Wao ndio wa kwanza duniani kuchapa maneno ya onyo kwenye sigara yenyewe, moja moja, kwenye karatasi ya upande wa kichungi. Kanuni zilitoka 2023. Nilipoisoma habari hiyo nikajiuliza kwa nini nchi ambayo watu wake hununua pakiti nzima imewahi kufikiria fegi moja kabla ya sisi tunaoishi kwa fegi moja.

Halafu nikafikiria dereva yule akiwa kwenye foleni, usiku, herufi ndogo kuliko za kwenye kalamu ya Bic, nayo inateketea. Shauku ikapungua.

Tarehe 11 Januari 1964

Hapa naomba mnivumilie, maana kuna jambo nililolisoma likanipindua zaidi kuliko picha zote.

Jumamosi ya tarehe 11 Januari 1964, mganga mkuu wa Marekani, Luther Terry, aliwaita waandishi wa habari Washington akawapa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Walichagua Jumamosi makusudi: soko la hisa limefungwa, na magazeti ya Jumapili yataijaza kurasa za mbele. (Sisi huku Jumapili ile tulikuwa na habari yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 ndipo Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea. Sidhani kama kuna mtu Unguja aliyekuwa na habari na mapafu ya Wamarekani.)

Bunge lao likapitisha sheria mwaka uliofuata, na kuanzia 1966 kila pakiti ikawa na onyo: uvutaji wa sigara *huenda* ukawa hatari kwa afya yako. Mwaka 1969 wakaandika sheria nyingine, yenye maneno makali kidogo. Makampuni yalipambana, lakini ndani ya sheria hizo yalipata kitu. Mwaka 1992, katika kesi iliyofunguliwa na mwanamke aliyekuwa akifa kwa saratani ya mapafu na kuendelezwa na familia yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sheria ya 1969 inazuia baadhi ya madai ya kwamba kampuni haikuonya vya kutosha. Serikali imeshaamua onyo liwe nini. Limeandikwa. Basi.

Hapo nikakumbuka kile kibao cha kwenye maegesho ya magari mjini: hatutahusika na upotevu wa mali yako. Kibao kile hakizuii mwizi. Kimewekwa ili kesho ukirudi na kioo kimevunjwa, mwenye maegesho akuoneshe kwa kidole.

Tangu hapo kila nikisikia kwamba "mvutaji ameshaelimishwa" nataka kujua ameelimishwa kwa faida ya nani. Maneno "ni hatari kwa afya yako" hayamwambii dereva wa boda kitu chochote kuhusu dereva wa boda. Hatari ipi? Lini? Kwa fegi ngapi? Na akiacha leo, anapata nini?

Tangu 2021 kazi ya kudhibiti bidhaa za tumbaku iko chini ya TMDA, mamlaka inayosimamia dawa. Mamlaka hiyohiyo haiwezi kukubali dawa ya malaria iingie sokoni bila karatasi ya maelezo: meza ngapi, usichanganye na nini, ukiona dalili hii rudi hospitali. Sigara inapita na sentensi moja.

Viroba tuliviweza

Wenye kumbukumbu wataniambia: dada, hapa kuna njia fupi, kataza fegi moja. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Sababu zilizotajwa zinafanana na za fegi moja neno kwa neno. Kipimo kidogo, bei ya sarafu, kinaingia mfukoni, mwanafunzi anamudu, dereva anamudu. Pombe yenyewe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni udogo wake.

Juni 2019 mifuko ya plastiki ikafuata, na leo ukimpa mama wa genge mfuko wa rambo wa zamani anaweza kukushangaa. Kwa hiyo serikali hii ikiamua, kitu kinaondoka barabarani.

(Shisha siihesabu. Ilipigwa marufuku Julai 2016 kwa tamko la Waziri Mkuu, na wanaotoka usiku wananiambia mengine.)

Mkataba wenyewe unazitaka nchi zijitahidi kukataza sigara za moja moja, kwa sababu ndizo zinazomfikia mtoto. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa sigara kwetu, lakini kisanduku hakiulizi kitambulisho. Kenya wamekataza kuuza moja moja tangu sheria yao ya 2007, na bado Nairobi unauziwa moja. Hilo peke yake halikunitisha. Sheria nyingi huanza zikipuuzwa, halafu zinashika.

Nikawa nimeshaamua kabisa. Kataza fegi moja, mtu alazimike kununua pakiti, alione onyo, aumie mfukoni kwa mkupuo.

Halafu nikaenda Temeke kumsalimia baba mdogo.

"Nikiwa nayo naimaliza"

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Baba mdogo amevuta tangu ujana wake, enzi anafanya kazi bandarini. Akiwa na pakiti, anasema, anaimaliza siku hiyohiyo. Hajui inavyokwisha. Kwa hiyo akajiwekea utaratibu: hanunui pakiti. Asubuhi anatembea hadi dukani kwa Mangi, anachukua moja. Jioni tena, moja. Mvua ikinyesha haendi. Magoti yakiuma haendi.

"Wewe unataka waniuzie pakiti? Utaniua."

Sikuwa na jibu. Ile fegi moja ninayoiona kama mlango wa kuingilia kwa mtoto, kwake ni kizuizi pekee alichojijengea. Hakuna daktari aliyemsaidia kukijenga. Na hayuko peke yake, maana nimeshawauliza wengine na jibu hilo linajirudia.

Kuna kitu kingine alichoniambia. Miaka kadhaa nyuma aliugua kifua kikuu, akatibiwa akapona. Madaktari wengi walishamwambia aache sigara, kila mmoja kwa sekunde mbili, huku anaandika. Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu ndiye aliyekaa naye. Akamwambia kwamba mvutaji anaugua TB kirahisi kuliko asiyevuta, kwamba akiendelea inaweza kumrudia, na kwamba moyo wake ungeanza kupata nafuu mapema kuliko anavyodhani: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na sigara hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Akamwuliza anavuta ngapi na lini. Akamwambia aanze na ile ya usiku.

Baba mdogo bado anavuta. Ila maneno ya muuguzi anayakumbuka yote, pamoja na jina lake na kijiji alichotoka. Ya kwenye pakiti hakuweza kunitajia, na pakiti amezishika maisha yake yote.

Shilingi mbili haina chenji

Nitapita hapa haraka kwa sababu bajeti huniumiza kichwa, lakini siwezi kuiruka. Wataalamu wanakubaliana kwamba kinachopunguza uvutaji kuliko onyo lolote ni bei. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi ifikie angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Sisi hatuko karibu na hapo. Namba 75 tunayo pia, lakini ina kazi nyingine kabisa: sigara yenye zaidi ya asilimia 75 ya tumbaku ya ndani inatozwa ushuru mdogo kuliko nyingine.

Ushuru wetu unatozwa kwa kila sigara elfu moja. Tuseme Waziri wa Fedha amesimama Dodoma mwezi Juni akaongeza shilingi elfu mbili kwa kila elfu. Redioni inasikika kubwa. Gawanya: shilingi mbili kwa fegi. Nani Buguruni ana chenji ya shilingi mbili? Bei ya fegi moja inapanda kwa ngazi za sarafu, hamsini au mia. Nyongeza ndogo inamezwa na duka la jumla au na yule kijana mwenye kisanduku, mteja hasikii kitu. Miaka inapita, halafu siku moja bei inaruka, watu wanalalamika siku mbili, wanazoea.

Ukitaka bei ifanye kazi yake, pandisha kwa kiasi cha kuivusha sarafu. La sivyo unamtoza kodi machinga.

Mwenzangu wa Kaliua

Kazini kwetu kuna kaka mmoja mzaliwa wa Kaliua, Tabora. Nilipomwambia ninachoandika akaweka kikombe chini.

"Nyie wa Dar mnasema tumbaku inaua. Mimi imenisomesha."

Ni kweli na sikubishana. Tabora, Katavi, Kahama, Chunya, Namtumbo, kuna nyumba za bati na ada za shule zilizotokana na jani hili, na kwa miaka mingi bei yake imepangwa kwa dola. Sehemu kubwa ya tumbaku yetu inauzwa nje. Nikamwambia hapo ndipo hoja yake inapolegea: fegi ya Buguruni ikipungua, mkulima wa Kaliua hatasikia kitu, kwa sababu jani lake linapanda meli. Akakubali nusu. Akasema lakini wanasiasa hawapigi hesabu hivyo. Wakisikia "tumbaku" wanawaona wapiga kura.

Halafu akanisimulia habari za mama yake. Msimu wa kuchuma, majani yakiwa na umande, mama alikuwa anarudi kichwa kinazunguka, anatapika, hali chakula. Wao wakidhani ni malaria au uchovu wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na kuni zake na moshi. Alikuja kujua mtu mzima kwamba nikotini hupenya kwenye ngozi iliyolowa, na kwamba mchumaji anaweza kulewa tumbaku ambayo hajawahi kuivuta.

Mama yule hakuwahi kuwasha hata fegi moja. Robota la majani alilolifunga halikuwa na onyo.

Kisanduku ni bango

Nilikuwa karibu kuandika kwamba picha hazina maana Dar. Kilichonizuia ni kusimama kituoni Mnazi Mmoja mchana mmoja nikiwa sina haraka.

Angalia kisanduku kinapopita. Kiko usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye daladala. Kiko usawa wa uso wa mtoto wa shule aliyesimama. Pakiti zimepangwa rangi kwa rangi, nyekundu, kijani, dhahabu, zikiwatazama watu, na zinatembea kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo hadi Ilala Boma siku nzima. Anayenunua ni mmoja. Wanaotazama ni mia.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo lilikuwa jembamba. Kweli mvutaji hashiki pakiti, lakini mtaa mzima unaiona. Na walio wengi mtaani hawavuti. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliwakuta watumiaji wa tumbaku wa kila aina ni asilimia 8.7 ya watu wazima, wanaume 14.6, wanawake 3.2. Picha hapa kwetu ingekuwa kwanza kwa ajili ya hao asilimia tisini na kitu ambao kisanduku kinawapitia kila siku kikiwa kimependeza. Hasa wale wenye sare za shule.

Lakini ichorwe na mtu aliyewahi kukitazama kisanduku! Miongozo ya mkataba inashauri onyo liwe juu ya pakiti, ndipo jicho linapoanza. Shauri zuri kwa pakiti iliyofungwa, kwenye rafu ya supamaketi. Kwetu juu ya pakiti ndipo kifuniko kilipo, na kifuniko kimekunjwa nyuma tangu asubuhi. Onyo la juu litakuwa linamtazama muuzaji kifuani. Rangi za chapa zitabaki mbele kama kawaida.

Mauritius wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2023 pakiti zao hazina rangi ya kampuni wala nembo, kama Australia walivyoanza 2012. Zote zinafanana, jina limeandikwa kwa herufi za kawaida, kilichobaki ni picha na onyo. Ukikunja kifuniko, ukigeuza, ukiiweka ubavu, hakuna upande mzuri. Kwa mtaa wa visanduku naona hilo ndilo linalofaa, kuliko kuendelea kugombania asilimia.

Na lina faida nyingine kwangu. Linamalizwa kiwandani. Barabara ya Nyerere kuna kiwanda kinachotengeneza sigara tangu 1961, na pakiti zote zinapita kwenye milango michache kabla hazijatawanyika. Kukataza fegi moja, kinyume chake, ni kazi ya mgambo. Tuliwaona mwaka 2021 walivyowaondoa wamachinga barabarani, vibanda vikilala chini. Sitaki kumpa mtu mwenye kirungu sababu mpya ya kumpokonya kijana kisanduku chenye karanga na pipi, halafu jioni baba mdogo aambiwe anunue pakiti.

Mwenzangu wa Kaliua anasema nimekwepa, kwamba ninaogopa kuigusa fegi moja kwa sababu namjua anayeiuza na anayeinunua. Inawezekana. Bado ningeanza na pakiti isiyo na rangi, halafu kodi inayovuka sarafu, na la moja moja liwe la mwisho, baada ya kumtafutia muuzaji kitu kingine cha kuweka kwenye nafasi ile.

La muuguzi wa Temeke halihitaji kusubiri foleni hiyo. Kliniki za kifua kikuu zipo, wagonjwa wanakuja wenyewe, na dakika kumi za kukaa na mtu hazipitii Bungeni.